Je, wajua difu za Range Rover huiongezea nini Land Rover ya zamani?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaambia wengine bila kusita, kwamba Land Rover ya zamani ikifungwa difu za Range Rover hupata nguvu. Difu ni lile boksi la meno lililo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, linalopokea mzunguko kutoka kwenye injini na kuyagawia magurudumu. Hoja yangu ilikuwa kwamba Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuja na injini ya V8 yenye sentimita za ujazo 3,528, ikasifika kwa mbio, kwa hiyo kiungo chake kikihamishiwa kwenye gari jingine lazima kihame na sehemu ya mbio hizo. Mjomba wangu alikuwa na Land Rover 88 (ile fupi, yenye inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) iliyobadilishwa hivyo, na kila nilipoketi kando yake barabarani, ule mngurumo uliotulia, huku miti ikipita kwa kasi ileile, ulinithibitishia kwamba injini yake ilikuwa na akiba ambayo injini nyingine hazina. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba nilichokuwa nikikisikia ni kweli tupu, ila maelezo niliyokipa yalikuwa ya uongo.

Difu haitoi nguvu. Inayozalisha nguvu ni injini peke yake, na kila kilicho nyuma ya klachi, yaani giaboksi, boksi la transfa (lenye gia za mwendo wa juu na wa chini, linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu) na difu, kazi yake ni kubadilishana mzunguko kwa msukumo: ukitaka magurudumu yazunguke upesi zaidi, utalipa kwa msukumo, na ukitaka msukumo, utalipa kwa mwendo. Hakuna meno ya gia, yawe yametoka katika gari la bei gani, yanayoweza kukupa vyote viwili kwa pamoja, na msuguano hula sehemu yake kila yanapokutana.

Uwiano wa difu ya kawaida ya Land Rover hizi ni 4.7, maana yake propela huzunguka mara 47 ili magurudumu yazunguke mara 10. Difu ya Range Rover ya wakati ule ni 3.54, hivyo kwa mizunguko hiyohiyo 10 ya magurudumu, propela huzunguka mara 35 na kidogo. Mfikirie mtu anayepandisha ndoo ya maji ghorofani. Ngazi ya kwanza ina vidato 47 vifupi; ya pili, inayofika kwenye sakafu ileile, ina vidato 35 virefu. Anayepita ngazi ya pili hufika kwa hatua chache, na akiwa na miguu imara na ndoo nyepesi atafika bila kuhema. Lakini miguu ni ileile, maji ni yaleyale na urefu wa kupanda haukupungua, kwa hiyo kila hatua inamtaka anyanyue goti juu zaidi na kusukuma kwa bidii zaidi. Mjazie ndoo hadi juu, kisha umwongezee nyingine mkononi, na utamwona akisimama katikati ya ngazi ya vidato virefu, mahali ambapo kwenye ngazi ya kwanza angepita polepole lakini angepita.

Ndivyo ilivyo kwa injini. Land Rover yenye tairi za 7.50-16, ikiwa kwenye gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huizungusha injini takriban mara 2,900 kwa dakika ikiwa na difu zake za kuzaliwa. Kwa difu za Range Rover mizunguko hushuka hadi takriban 2,200. Huo ndio utulivu niliousikia kwa mjomba: injini ilikuwa inapanda ngazi ya vidato vichache.

Sasa lipo jambo linalowashangaza hata wenye magari haya, nalo ni kwamba kasi ya juu kabisa haiongezeki kama hesabu inavyoahidi. Injini ya petroli ya lita 2.25 hutoa takriban nguvu farasi 70, na hufikia kilele hicho ikizunguka karibu mara 4,000 kwa dakika. Kwa difu za kawaida na tairi zile, mizunguko hiyo ni mwendo wa kama kilomita 109 kwa saa. Kwa difu za Range Rover, mizunguko hiyohiyo ingekuwa kilomita 145, mwendo ambao gari lenye uso bapa kama ukuta haliwezi kuufikia kwa farasi 70, kwa sababu upepo hulizuia mapema. Matokeo yake injini hubaki chini ya kilele chake, ikisukuma kwa shida, na mara nyingi gari huenda kasi ileile ya zamani au hata pungufu. Kuhusu mafuta pia nisingemwahidi mtu: penye tambarare na mzigo mdogo huweza kupungua, lakini penye vilima dereva hulazimika kurudi gia ya tatu mara kwa mara, na faida huishia hapo.

Gharama yenyewe huonekana mlimani. Kwenye Series III, toleo la tatu la Land Rover hizi, gia ya kwanza ikiunganishwa na mwendo wa chini wa transfa, injini huzunguka zaidi ya mara 40 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukibadilisha difu, hushuka hadi kama 30. Robo ya msukumo imeondoka, na imeondoka katika kila gia, pamoja na zile ulizokuwa ukizitegemea kwenye tope. Wakati wa kushuka mteremko, injini nayo hulizuia gari kwa robo pungufu, na breki za ngoma hubeba kilichobaki.

Kwa sababu hiyo mimi napendelea ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, iliyotengenezwa na kampuni ya Fairey ya Uingereza. Hufungwa nyuma ya boksi la transfa, mahali pa kuchukulia nguvu za mashine za shambani, bila kushusha giaboksi, na uwiano wake ni 0.782, kwa hiyo ngazi ya vidato 47 huwa ya vidato visivyofika 37. Tofauti yake kubwa ni kwamba dereva anaweza kukanyaga klachi, kurudisha kiliva kidogo, na kuipata tena ngazi yake ya zamani. Huchukua oili kidogo sana, na asiyeikagua huiua mapema. Pale sakafuni panakuwa na liva nne: ya gia, ya kirungu chekundu inayochagua mwendo wa juu au wa chini wa transfa, ya kirungu cha njano inayobonyezwa ili kuunganisha magurudumu ya mbele, na hiyo ya ovadraivu.

Kirungu chekundu ndicho kinachomfichua fundi aliyebadilisha difu ya nyuma tu ili kupunguza gharama. Magari haya hayana difu ya katikati, hivyo magurudumu ya mbele yakiunganishwa, propela mbili hufungamana na kuzunguka sawa. Kwa mizunguko 47 ya propela, magurudumu ya mbele yatataka kuzunguka mara 10 na ya nyuma zaidi ya mara 13, na kwa kuwa yote yako chini ya gari moja, ama tairi zitaburuzwa au kitu kitavunjika. Dereva anaweza kujitetea kwamba hagusi kirungu cha njano kamwe. Lakini chekundu kikivutwa kwenda mwendo wa chini, huunganisha mbele chenyewe.

Yapo mengine mawili ya kuzingatia. Spidomita huchukua mzunguko wake kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo baada ya mabadiliko itaonesha 60 wakati gari linakwenda 80, jambo ambalo ovadraivu haisababishi. Na Land Rover 109 za Series III, zile ndefu zenye inchi 109, zina eksili (mhimili wa magurudumu) ya nyuma aina ya Salisbury, ambayo haipokei difu hii.

Anayenunua Land Rover ya zamani anaweza kujua kilichomo bila kufungua boliti hata moja. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, toa gia, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, kisha achia breki ya mkono, maana katika magari haya hukamata propela. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, zungusha gurudumu mara mbili kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, hivyo kila mzunguko wa hili huhesabika nusu. Zikipungua kidogo tu kufika tano kasorobo, difu ni ya kuzaliwa. Zikizidi kidogo tatu na nusu, imebadilishwa, na hapo uhamie mbele na chaki ileile.