"Pumzi ninayo, daktari": wanatriathloni na marathoni yao ya kwanza

Wiki hii nimeisikia tena, kutoka kwa bwana mmoja wa triathloni (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo), anayeogelea ufuo wa Silversands kila alfajiri na kuendesha baiskeli hadi Gede na kurudi: "Daktari, pumzi ninayo. Marathoni ni kuongeza kilomita tu." Aliingia akichechemea, ugoko umevimba, wiki 6 kabla ya mbio. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Malindi, na maneno hayo yamenichosha kwa sababu anayeyasema huwa ameshaumia.

Dhana: Aliyejiandaa kwa triathloni ameshajiandaa kwa marathoni.

Moyo na mapafu yako tayari, sikatai. Hatari inaanzia papo hapo. Baharini unabebwa na maji, kwenye baiskeli unabebwa na kiti. Ukikimbia, kila hatua mguu mmoja unapokea kishindo cha mara 2 hadi 3 ya uzito wako, na katika kilomita 42.195 hatua hizo kwa wengi hukaribia 40,000. Moyo huzoea mzigo mpya kwa wiki chache. Kano na mifupa hutaka miezi. Tena mfupa ukielemewa hubomoa kwanza sehemu iliyochoka ndipo uijenge upya, na kabla haujamaliza kujenga huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Anayeanza kukimbia bila mazoezi mengine huzuiwa na pumzi: akihema, atapunguza. Wewe huna breki hiyo. Jumapili ya kwanza unakwenda kilomita 25 huku unapiga soga, na baada ya wiki kadhaa za namna hiyo ugoko unauma mahali pamoja padogo, ukipabonyeza kwa kidole unaruka. Hapo usikande mafuta ya nazi ukaendelea. Acha kukimbia, uonwe. Na usijifariji kwa sababu eksirei imetoka safi: ufa wa mfupa ukiwa mchanga mara nyingi eksirei haiuoni.

Halafu kuna paja. Kwenye baiskeli misuli yake inasukuma huku ikijifupisha. Ukikimbia, kila unapotua inavutwa huku inakaza ili goti lisikunjike. Kazi hiyo baiskeli haikuifunza, na deni lake hudaiwa baada ya kilomita 30.

"Lakini mimi nimemaliza Ironman," yaani ile triathloni ndefu. Najua, na heshima yako unastahili: kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli, kisha 42.195 kwa miguu. Ila hizo za mwisho ulizikimbia umechoka, kwa mwendo wa pole, pengine ukitembea kwenye kila meza ya maji. Safari hii unaanza na miguu mibichi na unataka kasi zaidi, na kishindo hukua pamoja na kasi. Ubichi huo utakudanganya kilomita 10 za mwanzo. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, nusu ya pili aliikimbia upesi kuliko ya kwanza. Kama yeye alijizuia mwanzoni, wewe nani amekuruhusu uchomoke?

Ushauri wangu humpa kila mtu, hata asiyeuliza. Simama kwenye ukingo wa ngazi visigino vikiwa hewani, panda na ushuke polepole, mguu mmoja mmoja, mara 15, seti 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kimbia mara 4 kwa wiki mbio fupi za pole kabla hujafikiria mbio ndefu. Baiskeli usiitundike, itumie siku za kupumzisha miguu.

Dhana: Kimbilia ufuoni, mchanga ni laini.

Ufuo umeinama kuelekea bahari, kwa hiyo mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake njia nzima. Mchanga tifutifu nao huivuta kano ya kisigino kupita kiasi. Mbio zako ni za lami, basi zoea lami.

Dhana: Vipimo vyangu vya mapigo ya moyo kwenye baiskeli vinatosha.

Havitoshi. Kwa juhudi ile ile, kukimbia hupandisha mapigo zaidi. Pima upya ukikimbia, na kumbuka kuwa joto la kaskazi nalo litayapandisha.

Dhana: Kwa jua hili, kadiri unavyokunywa maji ndivyo unavyokuwa salama.

Hii inaweza kuua. Maji mengi kupita jasho lako huzimua chumvi ya damu. Ukimaliza mbio una uzito mkubwa kuliko ulipoanza, umekunywa kupita kiasi. Mkimbiaji anayeumwa kichwa, anayetapika na kuongea ovyo apelekwe hospitali, asiongezwe chupa nyingine.

Dhana: Nitakula kama ninavyokula kwenye baiskeli.

Juu ya baiskeli tumbo limetulia, ukikimbia linatikiswa. Wengi huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tumbo lazima lifunzwe kuzipokea. Iwe tende au jeli ya wanga ya wakimbiaji, ijaribu katika kila mbio ndefu, miezi kabla.

Yule bwana wa ugoko nimemwambia aahirishe. Hakufurahi. Anaendelea kuogelea, na baiskeli anaiendesha maadamu haimuumi. Lami atairudia siku nitakayoubonyeza mfupa ule asishtuke.