Je, Wajua? Kwa Nini Shambulio la Vijidudu Hugunduliwa na Daktari Kabla ya Mpelelezi

Filamu za ugaidi wa vijidudu tumeshazizoea. Gaidi anapenya stesheni ya treni na kichupa mfukoni, saa inahesabu kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu, na maafisa wa usalama wanamdaka zikiwa zimebaki sekunde tatu. Nazipenda sana filamu hizi, lakini hapo ndipo zinapokosea karibu kila mara.

Bomu likilipuka, kila mtu anajua wapi na saa ngapi. Vijidudu havina mlio. Aliyevuta hewa yenye mbegu za kimeta (bakteria wa ugonjwa wa anthrax waliolala ndani ya ganda gumu) hasikii harufu wala maumivu. Atarudi nyumbani, atakula, atalala. Homa humjia baada ya siku kadhaa, pengine hata wiki kadhaa, na inafanana na mafua ya kawaida. Kufikia hapo mshambuliaji ameshatoweka zamani, na wa kwanza kukutana na ushahidi ni daktari.

Ndivyo ilivyokuwa Florida, Marekani, tarehe 2 Oktoba 2001. Robert Stevens, mhariri wa picha wa gazeti, alifikishwa hospitalini alfajiri akiwa na homa na amechanganyikiwa. Daktari Larry Bush alipotazama majimaji ya uti wa mgongo wake kwa hadubini, aliona bakteria wanene wenye umbo la vijiti, akashuku kimeta. Siku tatu baadaye Stevens alifariki. Hata ugonjwa ulipothibitishwa, waziri wa afya aliwaambia wananchi kwamba mgonjwa alikuwa amekunywa maji ya kijito, kana kwamba huenda aliupata huko porini.

Kumbe kimeta kilikuwa kinasafiri kwa posta, ndani ya bahasha zilizotumwa kwa vyombo vya habari na kwa maseneta wawili. Sehemu inayoniuma zaidi ni ya kituo cha kuchambulia barua cha Brentwood, Washington. Barua ya seneta Tom Daschle ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba, na wafanyakazi wa Seneti wakapimwa na kupewa antibayotiki upesi. Lakini bahasha ile ilikuwa imepita Brentwood kwanza. Mashine za kuchambua huibana barua kwa nguvu, na mbegu za kimeta ni ndogo kuliko vitundu vya karatasi, kwa hiyo zilipenya na kutawanyika hewani bila bahasha kuchanika. Wataalamu walidhani bahasha iliyofungwa haina hatari, kituo kikaendelea na kazi hadi tarehe 21. Wafanyakazi wawili wa hapo walifariki. Kwa jumla walikufa watu 5 na wengine 17 wakaugua.

Wakati mwingine hata daktari hupitwa. Mwaka 1984 huko The Dalles, Oregon, wafuasi wa kundi moja la kidini walitia salmonela, bakteria wanaoleta kuhara, kwenye meza za saladi mikahawani ili wapiga kura waugue na wasishiriki uchaguzi wa wilaya. Watu 751 waliugua. Wachunguzi wa afya waliona chanzo ni uchafu wa mikono ya wapishi, na ukweli ulijulikana mwaka mmoja baadaye, kiongozi wa kundi alipojitokeza kuwashutumu wasaidizi wake mwenyewe.

Na mhalifu wa bahasha za 2001? FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikusanya sampuli zaidi ya 1,000 za kimeta kutoka maabara mbalimbali, wakalinganisha vinasaba, na njia ikawapeleka kwenye chupa moja katika maabara ya jeshi la Marekani, Fort Detrick, Maryland. Mwanasayansi waliyemshuku alikufa mwaka 2008 kabla ya kushtakiwa, na faili likafungwa 2010. Mwaka uliofuata, jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilisema sayansi peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba kimeta kile kilitoka kwenye chupa hiyo.