Engaruka kwa miguu na watoto: yasemwayo na yalivyo

"Magofu ni magofu, yatakuwa kama Kilwa."
Anayefika Engaruka akitarajia matao na mihrabu atadhani dereva amepotea njia. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, karibu kilomita 60 kaskazini mwa Mto wa Mbu, utakuta mawe ya volkano yaliyopangwa bila chokaa. Ni mabaki ya vijiji saba kwenye miteremko, na mbele yake mashamba ya umwagiliaji ya takriban hekta 2,000. Watoto ukiwaahidi mji, watanuna mapema. Waambie wanakwenda kutafuta mfereji.

Mfereji hutambulika kwa mistari miwili ya mawe inayoukata mteremko kwa mshazari. Maji yakiteremshwa wima hupata kasi, hula kingo na kuondoka na udongo. Yakizungushwa polepole hufika shambani yametulia. Mpe mtoto chupa amwage maji kidogo kwenye kichuguu cha udongo nje ya magofu, kwanza wima, kisha kwenye kijifereji alichokichora kwa kijiti. Ataelewa kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

"Walijenga wageni kutoka ng'ambo."
Wakulima wa hapa hapa Afrika ndio waliojenga, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Punje za mtama zilizochimbuliwa zinaonyesha walichokula. Wairaqw na Wasonjo hutajwa kuwa jamaa zao, ila wataalamu hawajakubaliana. Wamaasai wanaoishi hapo leo walikuja baadaye.

"Kila rundo la mawe ni kaburi."
Marundo mengi yaliyochimbwa hayakuwa na mifupa. Mkulima anayesafisha shamba lenye mawe lazima ayarundike mahali. Hata hivyo usipande juu yake wala usihamishe jiwe: ukuta usio na chokaa unashikwa na uzito wa mawe yenyewe, ukitoa moja la chini, yaliyo juu yanafuata.

"Korongo likiwa kavu na mbingu ni nyeupe, hakuna hatari."
Hii ndiyo dhana inayoua. Mto Engaruka una maji mwaka mzima, lakini makorongo jirani huwa makavu sehemu kubwa ya mwaka, na mchanga wake laini unavutia kutandika mkeka. Maji yake hutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Mvua inaweza kunyesha huko huku ninyi mnaota jua. Maji ya magotini yakienda kasi yanamwangusha mtu mzima, maana yanakuja na mawe na magogo.

Kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, msitembee ndani ya korongo kabisa, piteni ukingoni. Miezi mingine, uliza wenyeji kama milimani kulinyesha usiku. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, au ukisikia ngurumo isiyokatika, pandeni kando papo hapo. Msikimbie kufuata korongo kuteremka, mafuriko yatawapita. Mikoba iacheni.

"Kuna mto, tutakunywa humo."
Ng'ombe na mbuzi hunywa humo humo. Beba lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 au zaidi kwa mtoto, kwa matembezi ya saa tatu. Anzeni saa 12:30 asubuhi mmalize kabla ya saa 4:30. Baada ya hapo mawe meusi hutoa joto kama kikaango.

"Kandambili zinatosha, si mlima."
Miiba ya migunga hupenya soli laini, na nge na kifutu hupenda kivuli cha mawe. Viatu vya kufunika, soksi ndefu, na mkono usiingizwe kwenye tundu usiloliona ndani. Mwongozaji wa kijijini mchukueni hata kama mna ramani ya simu: mistari ya mifereji na njia za mbuzi zinafanana mno, na simu haijui ipi ni ipi.