Je, wajua kwa nini friji inayokupiga shoti haikati fyuzi?

Katika nyumba nyingi za zamani kuna sheria ambayo watoto huijua kabla ya kujua kusoma: usiguse friji bila kuvaa ndala. Nyumbani kwa bibi yangu, Tanga, jozi moja ilikaa daima mbele ya friji, na mgeni akifika aliambiwa mapema. Hakuna aliyeona ajabu. Friji "inang'ata", basi. Taa zinawaka, fyuzi ni nzima, kwa hiyo umeme wa nyumba ulihesabiwa kuwa mzima.

Lakini ikiwa umeme umevuja hadi kwenye bodi ya friji na unamrusha mtu, mbona fyuzi imekaa kimya?

Fyuzi haikuwekwa pale kwa ajili ya mtu. Kazi yake ni kulinda waya. Waya wa soketi, ule wa milimita za mraba 2.5, ukibebeshwa mzigo kupita uwezo wake hupata moto, ganda lake huyeyuka, na dari ikashika moto. Fyuzi ni kipande dhaifu kilichowekwa makusudi kikatike kabla mambo hayajafika huko. Zile fyuzi za zamani ambazo fundi hufunga kiwaya chembamba kwa mkono ni nzito zaidi kushtuka: ikiandikwa ampea 15, huhitaji karibu mara mbili ya hapo ndipo ikatike. Na hapo ni kama kiwaya ni kile kinachostahili. Nimeona mahali pamefungwa nyuzi tatu za waya wa kawaida zilizosokotwa, ili "isisumbue". Hiyo si fyuzi tena.

Sasa linganisha na mwili. Katikati ya karne iliyopita Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia anachokishika. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake miliampea 10.5; miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea. Misuli ya kiganja hujikunja yenyewe, na ndiyo maana tunasema umeme umemnasa mtu. Ukifika miliampea 30 na kuendelea kupita kifuani, pumzi na moyo viko hatarini. Kwa volti zetu 230, miliampea 30 ni umeme wa kuwashia taa ya wati 7 tu. Ampea 15 ni mara 500 ya kiasi hicho. Mtu anaweza kufa akiwa ameshika friji na fyuzi isijue kwamba kuna jambo.

Ndala zinasaidia kwa sababu umeme uliovuja hutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma, na udongo ni mojawapo ya njia hizo. Mpira unakutenga na sakafu. Ila ndala zikilowa, au mkono wa pili ukishika bomba, kinga hiyo imekwisha. Kwetu Pwani, ambako kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, hata ukuta unaweza kuwa njia.

Njia iliyo salama ni waya wa ethi, unaounganisha bodi ya chuma ya kifaa na fito lililozamishwa ardhini. Kwenye plagi ya pini tatu, iliyowekewa viwango Uingereza mwaka 1947, pini ya juu ndiyo ya ethi. Ni ndefu kuliko wenzake ili itangulie kuingia na iwe ya mwisho kutoka. Tundu lake ni lile tunalochomeka kijiti au kifuniko cha kalamu ili plagi ya pini mbili ipenye! Katika nyumba za zamani zilizovutwa waya mbili tu, soketi mpya za matundu matatu hufungwa juu ya waya zilezile, na tundu la juu linabaki halina kitu nyuma yake. Ukiliangalia kwa nje hutajua.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo mafundi wazuri: hudhani ethi peke yake inatosha. Tuseme umezamisha fito, na udongo wake una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 50, jambo la kawaida kwenye mchanga mkavu. Gawanya volti 230 kwa 50: umeme unaopita ni ampea 4.6. Hautakata fyuzi ya 15, wala breka ya 6. Friji yenye ethi itaendelea kuwa na umeme kwenye bodi yake, kimya kimya.

Kinachoziba pengo hilo ni kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Hupima umeme unaokwenda kwenye nyaya na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30 wakati wa kurudi, maana yake umepita pengine, na kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kikiwa pamoja na ethi, kitakata friji inapoanza kuvuja, kabla hujaigusa. Bila ethi kitangoja mpaka umeme upite kwako. Utashtuka, lakini nafasi yako ya kupona ni kubwa. Kuna hali moja ambayo hakiwezi: ukishika waya wa moto mkono mmoja na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, mkono wa pili, kwake wewe ni kifaa kama vingine.

Kwa hiyo mwenye nyumba kongwe na pesa kidogo, mimi ningemshauri aanze na RCD, kisha ethi, kisha waya zenyewe, akianza na ya hita ya kuogea. Hita ya wati 5,400 hula zaidi ya ampea 23, na mara nyingi huwa imeungwa kwenye waya wa soketi. Mtafute fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya, na umwombe apime waya kwa volti 500 kwa mega, kile kipimo kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme. Nyumba za kabla ya miaka ya 1960 huenda zina waya zenye ganda la mpira, ambalo hukauka na kupukutika ukiligusa.

Jiandae kwa jambo moja. RCD ikifungwa kwenye nyumba ya zamani, mara nyingi hukata siku hiyohiyo, hasa mvua ikinyesha, na wenye nyumba humwita fundi aitoe. Usikubali. Zima breka zote, washa RCD, kisha rudisha breka moja baada ya nyingine. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye uvujaji. Chomoa vifaa vyake vyote, urudie. Kwa bibi iliangushwa na breka ya jikoni, na friji ilipochomolewa, RCD ikatulia.