Onyesho la Mtazamaji Mmoja

Nimeongoza maonyesho ya jukwaani kwa miaka mingi, na bado ninayoyahofia kuliko yote ni yale yanayochezwa kwa mtazamaji mmoja tu. Ukumbini watu mia mbili hucheka na kulia wakijificha migongoni mwa wenzao. Hapa hakuna mgongo wa kujificha, na jinsi mgeni huyo anavyonyamaza au kusita huwa sehemu ya onyesho lenyewe. Tena ni kazi ghali: onyesho la dakika 15, likichezwa saa 6 mfululizo, huonwa na watu 24 basi.

Kwa nini basi msanii alichague umbo hili kusimulia msiba wa familia? Ninapofundisha, hujibu kwa kazi za Basel Zaraa, Mpalestina aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Yarmouk, Damascus. Binti yake alipoanza kumwuliza alikokulia, Zaraa hakuweza kumpeleka, kwa kuwa nyumba ya familia ilikuwa imebomolewa vitani. Akamjengea mfano mdogo wa nyumba ile, ambao ndio kiini cha onyesho lake Dear Laila. Mtazamaji huingia peke yake, akaipokea historia ya familia kwa vitu, maandishi na sauti. Udogo wa mfano huo una kazi kubwa, maana kitu kidogo humfanya mtu ainame, atulize pumzi na kutazama kama anayeonyeshwa siri ya nyumbani.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, Zaraa alishiriki katika As Far As My Fingertips Take Me, kazi ya Tania El Khoury wa Lebanon. Mtazamaji huketi kando ya ukuta, huvaa vipokea sauti masikioni na kupenyeza mkono kwenye tundu. Zaraa, asiyeonekana, humchora mkononi, huku ukisikika wimbo alioutunga kutokana na safari ya dada zake kutoka Damascus hadi Sweden. Sisi tunaujua uzito wa mkono wa pole: mfiwa huenda asikumbuke hata neno moja aliloambiwa matangani, lakini aliyemshika humkumbuka. Tofauti ni kwamba hapa mfiwa ndiye anayekushika wewe, na unapouchomoa mkono, mchoro wake unabaki kwenye ngozi. Ukitaka utaunawa jioni hiyohiyo, ukitaka utauacha ufifie wenyewe.