Mjamzito kupanda ndege na mtoto mdogo: hofu imekaa mahali sipo

"Usipande ndege, mimba itatoka huko juu." Mjamzito akitaja tu safari ya Dar hadi Mwanza, majirani na mashangazi humrushia maneno hayo. Kwa mimba isiyo na matatizo, si kweli. Ndege hata ikiwa mita 10,000 angani, presha ya hewa ndani yake kwa kawaida haishuki chini ya ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Wanawake wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000, wanabeba mimba na kujifungua huko huko. Lango la kukagua chuma nalo halipigi eksirei, linatumia sumaku.

Mashirika mengi humkubali mwenye mimba ya mtoto mmoja hadi wiki ya 36, na kuanzia wiki ya 28 huomba barua ya daktari. Wa mapacha huzuiwa mapema zaidi. Mwenye presha au aliyetokwa na damu aanzie kliniki, si kwa wakala wa tiketi.

Kazi hasa ni huyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekaa mapajani. Mkanda wako upite chini ya tumbo, wala usimzungushie na yeye. Omba mkanda wake mdogo unaochomekwa kwenye wako. Ndege ikianza kushuka mpe ziwa au chupa, masikio yasimuume. Safari ikiwa ndefu, inuka utembee hata kama umembeba, maana damu huweza kuganda miguuni. Akifikisha miaka 2 lazima akatiwe kiti chake. Kwa mwenye tumbo kubwa, mimi ningekilipia hata kabla ya hapo.