Je, wajua kwa nini singeli ya kasi zaidi ni wimbo wa mlima?

Mpe mtu asiyeijua kazi hii apange muziki wa kipindi cha baiskeli za ndani, zile za jimu zisizosogea, na karibu kila mara atafanya hivi: nyimbo nzito za polepole kwenye mlima, singeli kwenye mbio. Inaonekana sawa kabisa, mpaka watu wapande baiskeli. Singeli yenye mapigo 260 kwa dakika haifai mbio hata kidogo. Mahali pake ni mlimani, yaani pale uzito wa pedali umekazwa kwa kugeuza nobu, watu wameinuka kwenye siti, miguu ikizunguka kwa utulivu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pedali ni mbili, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili una mishuko miwili, mguu wa kulia na wa kushoto. Mguu ukishuka kwenye kila pigo la muziki, mizunguko inakuwa nusu ya mapigo: wimbo wa mapigo 128 unakupa mizunguko 64 kwa dakika. Wimbo ukiwa wa taratibu, mguu wa kulia peke yake ndio unaofuata pigo, na mapigo 90 yanakuwa mizunguko 90.

Mipaka ya miguu inajulikana tangu Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, aanzishe huko Marekani mfumo wa Spinning, ulioenea miaka ya 1990: mizunguko 80 hadi 110 kwenye tambarare, 60 hadi 80 kwenye mlima. Chini ya 60 kila mkanyago unadai nguvu kubwa mno, na goti ndilo linalolipa. Nguvu ile ile unayoitoa kwa mizunguko 90, ukiitoa kwa 64 kila mkanyago unakuwa mzito mara 1.4 hivi. Juu ya 110 tatizo linageuka. Gurudumu zito la mbele, ambalo kwa baiskeli nyingi lina kilo 13 hadi 20, linaanza kukuzungusha wewe badala ya wewe kulizungusha. Makalio yanarukaruka kwenye siti, jasho linatoka, lakini misuli haifanyi kazi ya maana.

Sasa rudi kwenye singeli, inayocheza kati ya mapigo 200 na 300. Ya 200 ni mbio nzuri: mguu kwa kila pigo, mizunguko 100. Ya 260 kwa mtindo huo ingedai mizunguko 130, ambayo ni hatari. Kwa hiyo mguu unaruka pigo moja na kushuka kwenye la pili, mizunguko inakuwa 65, na hapo uko mlimani. Masikio yanasikia fujo ya uwanjani, miguu inapanda taratibu. Watu huupenda mchanganyiko huo kuliko mbio zenyewe.

Kati ya hizo mbili kuna shimo. Wimbo wa mapigo 230 ukiufuata wote unapata mizunguko 115, ukiukata nusu unapata 57 na nusu. Juu hapafai, chini hapafai. Shimo hilo hilo lipo kati ya 110 na 120, na ndiyo sababu amapiano inawatesa wakufunzi wengi. Nyingi zina mapigo 110 hadi 115, zinanoga kwa kiuno, lakini kwenye pedali hazina pa kukaa. Dawa ni programu ya kuchanganyia muziki yenye uwezo wa kuongeza kasi bila kuifanya sauti ya mwimbaji iwe nyembamba. Ongeza 7% kwenye wimbo wa 112 na unafika 120, yaani mizunguko 60, mlima mzito unaokubalika. Ukizidisha zaidi ya hapo watu wataanza kutazamana. La sivyo, iache amapiano kwa ajili ya kunyoosha viungo mwishoni, ambako haina mpinzani.

Kuhesabu mapigo, weka saa ya simu na uhesabu sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Sekunde 15 hazitoshi: ukikosea pigo moja umeshapotea kwa mapigo 4, na karibu na shimo tofauti ya 118 na 122 ni kubwa. Programu ya simu ikikuandikia 125 kwa singeli ya 250 usihangaike, mguu utashuka pale pale. Kosa baya liko kwenye midundo inayogawanyika kwa tatu, kama chakacha. Pigo kubwa likiwa 120, programu inaweza kusoma 180, nawe ukaandika mizunguko 90 badala ya 60. Nyimbo za namna hiyo zihesabu kwa mguu wako mwenyewe, ukikanyaga sakafu. Rekodi za ngoma za mikono, ikiwamo sindimba, zina jambo lake jingine: wapigaji wakipandwa na mzuka kasi huongezeka katikati, basi pima mwanzo, katikati na mwisho.

Kwa nini kujisumbua hivi, badala ya kuweka tu muziki wa kuchangamsha? Utafiti wa watafiti wa Sheffield Hallam na Brunel nchini Uingereza, uliochapishwa 2012, ulionyesha kuwa waendeshaji waliokanyaga sambamba na mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa takriban 7% kuliko pale muziki ulipokuwa wa polepole kidogo kuliko miguu yao. Muziki pia hupunguza hisia ya uchovu, ila kwa zoezi la wastani. Mtu akishafika mahali hawezi kutamka maneno mawili, wimbo haumsaidii sana, mwili wake unapiga kelele kuliko spika. Kwa hiyo wimbo ulioupenda kuliko zote usiuweke kwenye dakika ngumu kuliko zote. Uweke dakika mbili kabla, watu wafike pale wakiwa na moyo.

Kipindi cha dakika 45 hubeba nyimbo 10 au 11. Anza na bongo fleva mbili za mapigo 85 hadi 95, uzito 3 kwa kipimo cha 1 hadi 10, dakika 7 au 8 bila kuinuka kwenye siti. Halafu wimbo wa hausi wa 126 kwa mlima wa kwanza, uzito 6, ukifuatiwa na tambarare ya 170 hadi 180. Singeli ya 200 iwe mbio za sekunde 30, mapumziko sekunde 30, mara nne tu. Mlima mkubwa wa singeli ya 250 au 260 ukae karibu na dakika ya 30, uzito 7 au 8. Baada yake tambarare moja, mlima mfupi mmoja, kisha dakika 5 za kushuka na kunyoosha. Uzito ninaoutaja ni wa hisia, kwa sababu nobu za baiskeli mbili zilizokaa jirani hazifanani hata siku moja.

Wakufunzi wapya huharibu zaidi kwenye kutoa amri. Kugeuza nobu na mwili kuzoea huchukua sekunde 2 au 3. Kwenye hausi ya 128, ukisema “ongeza” mapigo 8 kabla ya kiitikio, mtu ana karibu sekunde 4, zinatosha. Kwenye singeli ya 240 mapigo 8 ni sekunde 2, kiitikio kitamkuta ameinama anatafuta nobu. Huko anza kuita mapigo 32 kabla. Na kamwe usimwinue mtu kwenye siti kabla hujahakikisha uzito umekazwa. Kusimama juu ya pedali nyepesi ndiko kunakowaangusha wageni.

Siti ya mgeni irekebishwe kabla muziki haujawaka. Asimame kando ya baiskeli, siti ilingane na mfupa wa nyonga. Akishapanda aweke kisigino kwenye pedali ya chini: mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Akirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Muonyeshe pia breki, yaani kubonyeza nobu chini. Baiskeli nyingi za aina hii haziachii kama baiskeli ya barabarani. Ukiacha kukanyaga, pedali zinaendelea kuzunguka, na anayechomoa mguu hupigwa kwenye muundi.

Kuna mambo ya kusini mwa Tanzania yenyewe. Kwa watu wa Mtwara na Lindi, kuanza kipindi saa 12 kamili jioni ni kujitafutia lawama, maana Magharibi huingia kati ya saa 12:05 na saa 12:50 hivi kulingana na msimu, na adhana itakukuta katikati ya mlima. Anza saa 11 umalize saa 11:45, au subiri saa 1 usiku. Kuanzia Novemba, minada ya korosho ikiwa imechangamka na watu wana pesa ya ada, joto na unyevu navyo vinapanda. Jasho halikauki mwilini, moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ile ile, hivyo saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo isikudanganye kuwa watu wako wamezidiwa, wasemeshe. Asiyeweza kutoa sentensi fupi apunguze uzito. Maji yapatikane mililita 150 hadi 250 kila dakika 15, na pangaboi peke yake halitoshi. Feni ya kusimama mbele, inayopuliza vifuani, inafanya kazi kubwa zaidi.

Umeme ukikatika baiskeli zenyewe hazijali, lakini spika na feni ndivyo vinavyozima. Uwe na spika ya kuchaji yenye chaji kamili, na taa ndogo ya betri, kwa sababu giza la ghafla ndipo watu huchomoa miguu. Amri ya kwanza iwe “bonyezeni breki”, sio “tulieni”.

Sauti ipimwe kwa programu ya simu kutoka baiskeli ya mbele: desibeli 85 hadi 88 zinatosha kuchangamsha chumba. Kwa vipimo vya afya kazini, desibeli 94 ni za saa moja tu kwa siku, na mkufunzi mwenye vipindi vitatu anakuwa ameshapita. Chumba cha kuta tupu na paa la bati hurudisha mwangwi unaomeza amri. Mapazia mazito mawili yanasaidia kuliko spika ya pili.

Jimu zilizo karibu na bahari, kama za Shangani mjini Mtwara, zina adui wa ziada. Chumvi ya upepo ikikutana na chumvi ya jasho, bomba la siti linaganda kwa kutu na halirekebishiki tena. Futa kila baiskeli kwa kitambaa kikavu mara kipindi kinapoisha, na mara moja kwa wiki chomoa bomba la siti lote, lisafishe, lipake grisi nyembamba ulirudishe.